Kasereka Hatacheza Bolivia

Beni, Mulekera, jumamosi mchana

Kambale, mutoto wangu,

Mambo ya sweta, ya soksi nzito, ya kukataa mufuko ya mutu usiyemujua pale uwanja wa ndege, mama yako alishakuambia, na dada zako balirudilia mpaka ukaziba masikio. Mimi sina kitu ya kuongeza pale. Nimekaa kwenye meza ya kulia, mulango wazi, kuku zinaingia na kutoka kama nyumba ni yao. Nilikutuma kwa kinyozi makusudi, nipate saa moja peke yangu. Mbele yangu kuna passeport yako. Tangu asubuhi nimeifungua mara tatu, na mara tatu nimeifunga.

Picha ni yako. Ile kovu juu ya nyusi, yenye ulipata kwa kupiga kichwa mwamba wa goli, inaonekana muzuri. Lakini miaka inasema kumi na tisa, na wewe uko na makumi mbili na tatu. Na jina inasema Kasereka.

Wiki iliyopita uliniona nimeishika vile, ukaniwekea mukono ku bega. Ulisema: «Papa, hapana kujisumbua. Yule bwana wa kutafuta bachezaji njo alitukaba, tungefanya nini?» Nilikuacha uamini kwamba baba yako ni mutu mwenye alikabwa. Usiku ile sikulala, na kesho yake sikuweza kula mbele yako. Leo nataka kukuambia vile ilikuwa, kisha kesho utafanya yenye utafanya.

Nianzie mbali kidogo. Wewe unanijua entraîneur, mwalimu wa mupira, mutu wa kupuliza sifflet na kelele. Hujanijua mchezaji. Nilipokuwa na makumi mbili, timu ya quartier, mtaa yetu, kule Butembo ilifika finale ya batoto ya shule, na mimi shule nilishaimaliza. Kulikuwa kijana moja anaitwa Muhindo, alihamia Uganda na wazazi wake, licence yake, kadi ya muchezaji, ikabaki kwa bureau, ofisi ya timu. Balinikatia nywele kama yeye, bakanipa licence. Nilifurahi, mutoto wangu, sitakudanganya. Nilifunga goli moja ya kichwa, na kiwanja yote ikasimama: «Muhindo! Muhindo!» Nilikimbia nimefungua mikono, na pale karibu na kamba nikaona baba yangu. Alitelemuka kutoka kijijini na gunia ya maharagi, akapita kuangalia kijana wake. Hakuinua mukono. Aliweka gunia yake ku kichwa akaondoka.

Nilifika nyumbani, nikasalimia. Akajibu pole pole: «Muhindo, umefika? Karibu.» Nikacheka, nikifikiri anatania. Wakati wa kula akauliza mama juu yangu, mimi mwenyewe nimekaa pale: «Mbusa iko wapi? Sijamuona tangu asubuhi.» Mama akaangalia chini. Ee, mwezi muzima! Asubuhi: «Muhindo, bazazi yako balilalaje?» Jioni: «Muhindo, ukimuona Mbusa, mwambie baba yake anamutafuta.» Hakunichapa, hakunitukana, hata hakukasirika. Mimi ningependa fimbo. Siku moja nilipiga magoti nikalia, njo akasema: «Ah, Mbusa, umerudi,» akanipa bakuli ya maji ya kunawa. Haikuzungumuziwa tena.

Ungesema mutu mwenye alipita pale hawezi kurudilia. Nilirudilia, tena sana. Nilipokuwa entraîneur hapa Beni, wewe ukiwa bado kidogo, nilikata miaka ya batoto ya batu ku karatasi kama mutu anakata sombe, majani ya muhogo. Bote balikuwa banafanya vile, na hiyo njo nilikuwa najiambia. Tulikuwa na tournoi, mashindano ya minimes, batoto ya chini ya kumi na tano. Asubuhi ya mechi nilinyoa ndevu ya gardien, kipa wangu, mimi mwenyewe, nyuma ya latrine, na wembe ya kununua. Nafika kwenye kiwanja, naona mwenzangu wa timu ingine naye anatoka nyuma ya muti na vijana bake, mashavu inang'aa, moja iko na damu ku kidevu. Tukaangaliana, tukasalimiana. Arbitre, mwamuzi, alijua kila kitu. Kapiteni wangu alikuwa anaishi na bibi, muke wake kabisa, na ule muke alikuwa dada mudogo wa arbitre!

Tulicheka, eh. Lakini kwenye ile timu yangu kulikuwa mutoto moja wa kweli, wa miaka kumi na tatu kweli, nilimutia ndani juu ya mbio yake. Alienda kugombania mupira na moja ya bale batu bazima. Nilisikia mufupa. Nilikuwa ngambo ya pili ya kiwanja na nilisikia. Mama yake alikuja, ananiuliza mimi mwalimu: «Namna gani batoto banavunjana vile?» Nikamujibu: «Mama, mupira ni vile.» Hiyo jibu, Kambale. Nikiikumbuka natamani kunawa kinywa na sabuni.

Niliacha kunyoa batu tangu siku ile, nikajiona nimepona. Kumbe nilikuwa nangojea bei yangu ipande.

Sasa nifike kwa yule bwana. Unamukumbuka, monsieur wa costume, suti nyeusi kwa vumbi ya Beni na viatu vya kuchongoka. Ulipokuwa unamaliza mazoezi alikuita, akakubinya mapaja, akakubinya nyuma ya magoti, akakuambia ufungue kinywa. Nimeona batu banachagua mbuzi ku soko ya Beu kwa heshima kuliko ile. Na mimi nilisimama pale na sifflet ku shingo, nikicheka. Nilicheka! Nilikuwa nataka anipende.

Ulipoenda kuoga, tukabaki bawili ku benchi. Akasema iko na timu kule Bolivia, ligi kuu, division ya kwanza kabisa ya inchi. Akasema kule bako na miji ya juu mbinguni, bageni banafika banakata pumzi dakika ya kumi, na yeye anatafuta vijana ba milima. Akisikia Butembo, anasikia mapafu. Kisha akauliza: «Kijana iko na miaka ngapi?» Nikasema makumi mbili na tatu. Akafunga kalamu yake. Akasema: «Mwalimu, nafasi ya bageni kwa timu ni kidogo. Mugeni wa makumi mbili na tatu mwenye hajacheza popote, batamuitaje? Muzee. Kumi na tisa, tungezungumuza.» Akasimama, akapangusa suruali.

Alikuwa anaenda, Kambale. Hapa njo nataka usome pole pole. Alikuwa ameshatoa kifungulo ya pikipiki yake. Hakunikaba, hakuniomba kitu. Mimi njo nilimukimbilia, mimi njo nilimushika mukono ya costume, na kinywa yangu njo ilisema: «Kuko karatasi ya mudogo wake.»

Akageuka. Akauliza mudogo iko wapi. Nikasema alikufa. Akatabasamu, akasema: «Basi hatalalamika.» Na mimi, baba ya bale vijana bawili, nikacheka tena.

Voilà. Kisha ya siku tatu nilimupelekea karatasi ya batizo ya Kasereka, yenye mama yako aliweka katika Biblia yake tangu mwaka wa kifo yake. Niliitoa yeye akiwa ku shamba. Kwa ile karatasi balitoa attestation ya kuzaliwa, na kwa attestation balitoa passeport. Kila bureau ilifanya kazi yake muzuri. Mimi njo nilibapa uongo ya kuandika.

Sisi Banande, mutu akituambia jina yake ametuambia mahali yake katika tumbo ya mama. Paluku ni kijana wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa ine. Kasereka alikufa na miaka tano. Mwaka mbili kisha ya kifo yake mama yako akazaa kijana mwingine, na hakuna mutu aliuliza tumuite nani. Aliitwa Kakule, wa ine. Hatukurudisha hesabu nyuma, juu nafasi ya tatu iko na mwenyewe, akiwa ku kaburi ao akiwa ku meza. Hivi njo tunafanya tangu zamani, na ni kitu moja yenye siku zote ilinifurahisha kwetu: maiti ya mutoto inakaa katika foleni na bandugu zake, hakuna mwenye anamupita. Mimi nilimupita. Nilimutoa katika foleni nikakusimamisha wewe pale, na nafasi yako ya pili ikabaki wazi kama jino yenye ilingoka. Mama yako sasa iko na vijana bawili bazima, wa kwanza na wa ine, na shimo mbili.

Ulikuwa na tisa alipokufa, unakumbuka kidogo. Mimi nakumbuka zaidi na sikukusimulia, juu nilikuwa na haya. Tulikuwa tunaishi upande wa Mabalako, kwenye shamba ya kakao. Nilikuletea mupira wa kweli, wa ngozi, kutoka Butembo. Wewe ulilala nao. Kasereka hakuupenda. Alikuwa anaukalia! Alikuwa anauviringisha mpaka kwenye kivuli ya kikwembe za mama yako, nguo zenye zimeanikwa, anaukalia kama kiti, anakula ndizi yake. Wewe unalia: «Papa, Kasereka anakalia mupira!» Nilimufundisha kupiga, akapiga mara moja, akaketi. Homa ilimushika alhamisi. Mama yako alinitumia neno, nami nilikuwa Butembo na timu, tuko na mechi siku ya mungu, jumapili. Nilisema: homa ya batoto, itapita, narudi nikimaliza mechi. Tulishinda. Nilifika jumatatu na batu bamekaa inje kwa nyumba.

Mama yako hajanitupia hiyo mechi hata siku moja. Ningekuwa yeye ningeitupa kila asubuhi.

Na sasa unaelewa siku ile yule bwana alikuja kuleta passeport. Wewe ulikuwa ku kiwanja. Mama yako alikuwa nyuma ya nyumba anatwanga sombe. Yule mutu akasimama ku mulango wa lupango, uzio yetu, na sauti yake ya soko, akaita: «Kasereka! Eh, Kasereka!» Mutwango ukanyamaza. Mama yako akatoka. Hakutoka na hasira, Kambale, ingekuwa hasira ningepumua. Alitoka mbio, mikono na majani ya sombe, akaangalia ku mulango, akaangalia chini, kwenye urefu ya mutoto wa miaka tano. Kisha akauliza: «Nani anaita mutoto wangu?» Bwana akacheka: «Mama, ni mazoezi! Kule Bolivia njo batamuita vile.»

Aliniangalia. Mimi niliangalia viatu ya yule mutu. Tangu siku ile ananiambia mambo ya chumvi na ya kifungulo tu. Wewe ulifikiri ana huzuni juu unaenda. Ana huzuni juu unaenda, ndiyo, lakini hiyo ni nusu.

Nitakuambia pia habari ya ile ligi, juu unafikiri siijui. Miezi hizi nimeitazama ku telefone kila asubuhi, mechi zenye zilichezwa sisi tumelala. Mwanzo niliitafutia makosa, nilitaka kuichukia, iwe ni yao makosa. Na makosa iko. Viti mingi bila batu. Mechi ingine banaanguka-anguka kusudi wakati upite mpaka natamani kutupa telefone katika mafuta. Mushambulizi moja, mugeni, alikosa penalti, na wiki yenye ilifuata sikumuona hata ku benchi. Balimutupa kama ganda ya ndizi. Niliona bageni banatoka na kupewa hewa ya chupa ku pua. Niliona mupira, kule juu, unaruka mwepesi mpaka gardien anauhesabia vibaya na kuonekana mupumbavu. Lakini niliona pia vijana banapigana juu ya mupira na roho yote, kwenye mvua, na bazee ku jukwaa na ngoma na baragumu, banaimba timu iko nyuma goli tatu. Ile ligi haikunikosea kitu. Haijui hata kwamba niko. Mutu mwenye ananichukiza ni huyu mwenye anaiangalia.

Na kitu yenye ilinimaliza ni batangazaji bao. Mutu akifunga, mutangazaji anashika jina yake, anaivuta, anaivuta mpaka unafikiri atakufa nayo. Asubuhi moja, nimekunywa chai, nikasikia ile kelele na katika kichwa yangu nikakuona wewe umefunga, umefungua mikono kama mimi ile siku. Na ule mutu anavuta: Kasereeeeka. Na mama yako ku jikoni, mutwango unanyamaza.

Niliweka kikombe chini, nikaenda nyuma ya nyumba, nikatapika ile chai. Sisemi kwa mufano.

Najua yenye utanijibu. Utasema kila mutu anakata miaka. Nilisema hiyo miaka yote, unaisema na sauti yangu. Utasema ni jina tu, kule hakuna Munande hata moja, nani atajua? Hiyo njo inanichukiza kupita yote. Kwamba itapita muzuri. Kwamba utazoea. Siku moja mutu atakuita Kambale njiani na hautageuka. Mimi nilikuwa Muhindo siku moja tu, na baba yangu alitumia mwezi kunirudisha. Wewe nani atakurudisha? Mimi ku telefone?

Alhamisi nilienda ku paroisse, parokia yetu. Nilimuambia padri yote, na hakunipa maneno mingi. Aliniandikia karatasi ya batizo yako wewe, Kambale, kijana wa pili wa Mbusa. Nimeiweka katika hii bahasha, pamoja na carte yako ya électeur, ya kupigia kura, yenye yule bwana alisema uache ku kabati. Leo asubuhi nilikaa karibu na mama yako nikamuambia nani alisema kwanza ile neno ya karatasi. Alimaliza kukunja shati yako ya bleu. Akasema: «Nilijua. Yule mutu angejuaje kama nilikuwa na Kasereka?» Kisha akasema: «Aende, nataka aende. Lakini mutoto wangu abaki hapa.» Nikamuuliza mutoto gani. Akanikatalia macho.

Najua ninakuomba nini. Yule bwana anakungojea Kampala ufike na passeport hii, hapana na ingine. Usipofika, atatafuta mapafu ingine ku milima ingine. Tunaweza kuanza upya na karatasi yako ya kweli, na pengine kila timu itasema makumi mbili na tatu ni muzee, na pengine hautacheza popote kupita kiwanja ya Mulekera. Kakao ya mwaka muzima iliingia katika hii safari. Hapana kuifikiria, mimi njo niliitia. Uko na haki ya kunichukia. Nilikufundisha kupiga na guu ya kushoto, nilikuonyesha mulango, na siku ya kutoka nakuambia mulango ulikuwa ya mwizi.

Kesho asubuhi saa kumi na mbili tutakuwa bote ku parking. Unajua vile banafanya: kabla ya gari kuingia katika convoi, musafara ya magari, mutu wa agence, kampuni ya gari, anapanda ku kiti na liste yake ya majina, anaita abiria moja moja, na kila mutu anaitika «niko» na kuingia. Ile liste niliiandikisha mimi, nilimusomea jina herufi kwa herufi. Mama yako atakuwa pale, na thermos yako ku mikono. Mutu wa liste ataita Kasereka.

Ukiitika, sitakufuata, sitapiga kelele, utaenda na baraka yangu kama iko na bei bado. Lakini nakuambia kitu yenye itatokea: mama yako ataangalia kwanza chini, kwenye urefu ya mutoto wa miaka tano, kabla ya kukuangalia wewe.

Hapana kuitika, Kambale. Akirudilia mara ya pili, hapana kuitika. Abiria batanung'unika, dereva atapiga klaksoni, acha bapige. Aite mpaka achoke, afute ile jina na kalamu yake mbele yetu sisi batatu. Kasereka anakalia mupira wake, hana safari.

Akishafuta, mimi nitakuita, na utasikia jina yako.

Baba yako,
Mbusa